Mchimba Visima wa Nyuma ya Kona

Nchi zilizopo ni nyingi, na zisizokuwepo ni nyingi zaidi. Kidoleni ni katika hizo zisizokuwepo, ingawa kila aliyefika huko hurudi akiapa kwamba anaiona mpaka nyumbani kwake. Siwatu binti Mbaruku alifika. Namna alivyofika isitupotezee muda: alitembea, akachoka, akafika. Kilichompeleka ndicho cha kusema.

Kijijini kwao, Kiangazini, kisima kiligeuka chumvi. Mwanzo watu walidhani ndimi zao ndizo zenye ugonjwa. Kisha mbuzi wakakataa kunywa, na mbuzi hana sababu ya kumsingizia mtu. Wanaume wakachimba upande huu, wakachimba upande ule, wakatoa vumbi. Wazee wakakaa kikao, wakasema kwamba kama mtama utakatwa kabla hajapatikana fundi wa kutafuta maji matamu, basi kijiji kihame na makaburi yabaki peke yake. Siwatu alikuwa mjane mwenye miguu mizuri na mdomo usiomwogopa mtu, wakamtuma yeye. Mama yake, Bi Mwanasha, alimfungia udongo wa kwao katika kitambaa ili fundi atakayepatikana apate kuuonja.

Walimwambia aende Kidoleni kwa sababu huko, kwa sifa, hakuna kinachokosekana. Na kweli hakuna. Katikati ya mji ule pana ukuta usio na mlango. Ukutani pana tundu, na tundu hilo hutoa Kidole. Unasimama mbele yake, unasema haja yako, nacho kinakuonyesha mtaa. Kila kazi ina mtaa wake, na kila mtaa umepangwa milango kwa daraja: wa kwanza ndio ulio karibu kabisa na ukuta, halafu wa pili, hivyo hivyo hadi wa kumi. Baada ya wa kumi mtaa unapinda kona.

Kidole ni cha nani, hakuna ajuaye. Wapo wanaosema ni cha mzee mmoja aliyezaliwa humo ukutani. Wapo wanaosema ni cha mti, kinavutwa kwa kamba. Walio wengi wanasema kuuliza swali hilo ni utovu wa adabu. Jambo moja tu linajulikana: Kidole ndicho kinachopanga milango, na hakitoi sababu. Kila asubuhi wenyeji huamka wakatazama kama bado wanakaa pale walipolala. Aliyeshushwa hubeba vitanda, sufuria na wazee wake akateremka, na aliyepandishwa humpisha njiani bila kumtazama usoni.

Kupita kona hakukukatazwa na sheria yoyote. Hakuna anayepita, basi.

"Huko nyuma kuna nini?" Siwatu alimwuliza mama mmoja aliyekuwa anafagia mtaani.

"Huko hakuna kitu, dada."

"Mbona naona moshi wa jiko?"

"Ndiyo, moshi," alisema yule mama, akaendelea kufagia.

Kidole kilimwelekeza Siwatu mtaa wa visima, naye kwa heshima akaanza na mlango wa kwanza. Mwenye mlango alikuwa Bwana Fakihi, mtu mnene wa sauti laini. Alimkaribisha mkekani, akaufunga mlango nyuma yake polepole.

"Natafuta mchimba kisima," alisema Siwatu. "Kisima chetu kimeingia chumvi."

"Kisima ni nini?" alianza Bwana Fakihi. "Watu wengi hujiuliza swali hili. Tangu zamani za kale binadamu amehitaji maji. Kisima ni muhimu. Kama unahitaji kisima, basi umefika mahali pa kisima, kwa maana kisima…"

"Kisima nakijua, baba. Kimenifia."

Bwana Fakihi akatabasamu kwa huruma na kuendelea. Akaeleza faida za visima. Akaeleza habari za bibi yake mzaa mama, ambaye katika uhai wake alipenda sana maji. Kivuli kilichokuwa kizingitini kikaingia ndani, kikavuka chumba, kikapanda ukutani, naye Bwana Fakihi bado yupo kwenye mambo ya kuzingatia kabla ya kufikiria kisima.

"Samahani," alisema Siwatu, "wewe mwenyewe umewahi kuchimba?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mkewe. Viganja vyake, Siwatu aliviona, vilikuwa laini kama vya mwali. "Mimi ni wa kwanza," alisema.

"Wa kwanza hachimbi?"

"Wa kwanza ni wa kwanza, mama."

Baadaye ndipo Siwatu alipoielewa desturi ile. Kidole, kwa imani ya watu wa huko, huhesabu muda mgeni aliokaa ndani. Mgeni akipata jibu lake mapema akatoka, mwenye nyumba ameaibika. Kwa hiyo Kidoleni jibu huwekwa chini kabisa, kama nyama kwenye sufuria ya bahili, na mara nyingi unachota mpaka unaiona sufuria tupu. Siwatu aliingia mlango wa pili, wa tatu, na yote iliyofuata. Kote aliulizwa kisima ni nini. Mlango wa sita alisimuliwa hata yule bibi aliyependa maji, yule yule, ila safari hii alikuwa bibi mzaa baba.

Na si hilo tu. Waliamini pia kwamba Kidole hupenda mlango unaoonyeshwa na vidole vingi. Basi watu wa nchi ile hutembea mkono mmoja umenyooka, kila mtu akionyesha mlango wa mwenziwe aliyekubaliana naye. Nionyeshe nikuonyeshe: huo ndio urafiki, huo ndio undugu, na ndoa nyingi hazina zaidi ya hapo. Siwatu alipishana na mazishi, akaona wabeba jeneza wanabeba kwa mkono mmoja, wa pili unaelekeza kwa muuza mazulia. Marehemu mwenyewe alikuwa amefungwa mkono kwa uzi ili aendelee kumwonyesha muuza nyama, maana mapatano yao yalikuwa hayajaisha. Hakuna aliyecheka. Siwatu naye hakucheka. Alikuwa anawaza mtama wa kwao ulikuwa umefikia wapi.

Alipita kona kwa hasira tu.

Nyuma ya kona palikuwa na nyumba kama za mbele, ila kimya. Watu walikaa vizingitini wakamtazama kama wanaotazama mvua isiyo ya msimu wake. Kisha akasikia mtaimbo unapiga jiwe. Aliufuata mlio ule hadi uani kwa Fundi Chande, akamkuta amezama shimoni hadi mabegani, anamfokea mkewe Bi Riziki kwamba ndoo imechelewa.

Nisikudanganye kwamba Chande alikuwa mnyenyekevu. Alikuwa na kiburi cha mtu anayejua na haulizwi, na hakuna kiburi kibaya kama hicho. Aliukwapua udongo wa Siwatu bila salamu, akaunusa, akautia mdomoni, akatema.

"Maji yapo. Chumvi yenu ni ya juu. Chini yake kuna mwamba, na chini ya mwamba kuna maji matamu. Lakini mkipasua pasipo pake mtayachanganya na mtakufa na kiu milele. Lazima niione ardhi, inavyolala."

Siwatu alikaa chini pale pale kwenye kifusi, akalia. Tangu atoke kwao hakuna aliyemjibu.

"Usinililie hapa," alisema Chande. "Riziki! Nifungie vyombo."

Kwenye lango la kutokea mjini karani mmoja alikuwa anakunywa kahawa. Aliwatazama, akautazama mtaimbo begani kwa Chande.

"Mlango wa ngapi?"

"Nyuma ya kona," alisema Siwatu.

Karani akakiweka kikombe chini. "Mama, wewe ni mgeni, nitakueleza kwa upole. Kumtoa mtu nyuma ya kona ukamfanyisha kazi ni kusema kwamba Kidole kimekosea. Kusahihisha Kidole ni kosa la jinai."

"Huyu anajua kuchimba."

"Kama anajua, mbona hayupo mbele?"

"Kwa sababu alikuwa anachimba."

"Ehee," alisema karani, kama mtu aliyesaidiwa kushinda kesi. "Si umesema mwenyewe?"

Kando ya lango ukuta wa mji ulikuwa umebomoka, mbuzi wanapita, na karani amewapa kisogo. Siwatu alimvuta fundi kanzu. "Tupite pale, kaka yangu. Nakuomba. Kwetu watu wanakufa."

Chande aliutazama ule upenyo. Kisha akaushusha mtaimbo. "Nimekaa nyuma ya kona umri wangu wote. Fakihi, ambaye hajui jembe linashikwa wapi, anakaa mbele. Halafu mimi nitoke na mbuzi? Sitoki. Nitatoka hapa nikiwa wa kwanza, na huyu karani atanifungulia kwa mikono miwili."

Hapo ndipo Siwatu alipaswa kuondoka zake. Lakini alikuwa na haraka, na mwenye haraka huona kila njia ni ya mkato. Akasema, "Basi tukupandishe."

Kazi ya kupandisha watu ina wenyewe, nao huitwa wapandishaji. Hawajui kuchimba, hawajui kushona, hawajui kupika; wanakijua Kidole, au wanasema wanakijua. Waliyempata aliitwa Bwana Kinara, kijana nadhifu aliyetoka moja kwa moja kwenye baraza la wafasiri wa Kidole akiwa bado amevimba jicho. Alieleza kwamba Kidole kilikuwa kimekunja kifundo kidogo. Nusu ya baraza ikafasiri kwamba sasa kinataka maneno mafupi, nusu ikafasiri kwamba kinataka maneno marefu yenye vituo, wakashikana mashati. Lipo na kundi la tatu, linalosema kwamba Kidole huwachukia watu wanaojipendekeza.

"Wewe uko kundi gani?" aliuliza Siwatu.

"La tatu," alisema Kinara. "Kwa hiyo tutajipendekeza taratibu."

Akauzunguka ua wa Chande huku anatikisa kichwa. Lile shimo lifukiwe, mgeni asije akatumbukia. Mtaimbo uondolewe, una kutu. Kuchimba kusimame kabisa kwa sasa, maana mtu akiwa shimoni nani atawapokea wageni mlangoni? Na fundi ajifunze kuzungumza.

"Nizungumze nini?" aliuliza Chande. "Kama maji yapo nasema yapo. Kama hayapo nasema hayapo."

"Hilo ndilo lililokufikisha hapa," alisema Kinara.

Kazi ya Siwatu ilikuwa kuonyesha. Alisimama njia panda, mkono umenyooka, akipaza sauti kwa wapita njia wote, waingiao na watokao, kwamba hakuna mchimba visima kama Chande. Akaenda nyumba kwa nyumba kufanya mapatano. Fundi saa ambaye saa zake hazitembei alikubali kumwonyesha Chande kama Siwatu atamwonyesha yeye. Siwatu alizijua zile saa, na alimwonyesha. Mganga wa meno aliyeng'oa meno mazima, naye pia Siwatu akamwonyesha. Siku ya kwanza aliona aibu, uso ukamwaka moto. Siku zilizofuata mkono ndio uliouma tu.

Na Chande akapanda, tena kwa kasi. Walibeba vitanda wakasogea nyumba moja, wakabeba tena, wakaipita kona. Bi Riziki alipigwa vigelegele na wanawake ambao jana yake hawakumwona. Kisha asubuhi moja mji mzima uliamka kwa kelele: Kidole kimegeuka! Hakuna aliyejua kwa nini. Bwana Fakihi alijikuta nyuma ya kona, yeye na mkeka wake, akawa anaeleza kisima ni nini kwa kuku wa jirani. Wapo waliokuwa wa pili wakawa hawapo. Na mlango wa kwanza katika mtaa wa visima ukawa wa Chande.

Siwatu alifunga kitambaa chake upesi. Furaha aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, naye akilini aliwaona watoto wa Kiangazini wamejimwagia maji vichwani. Mlangoni kwa Chande alikuta foleni. Ilimbidi apange kama wengine, mpaka zamu yake ilipofika.

Chande alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Mikono yake ilikuwa inang'aa mafuta. Kinara aliagiza ipakwe ili isiwatishe wageni. Mpandishaji mwenyewe aliufunga mlango polepole nyuma ya Siwatu, akakaa pembeni.

"Fundi, twende," alisema Siwatu. "Karani atakufungulia kwa mikono miwili. Kwetu sasa hivi wanakata mtama."

Chande hakuinuka. "Nikitoka leo, kesho nitakuwa nyuma ya kona."

"Utarudi, utapanda tena."

"Nani umemwona amerudi?"

Siwatu alimtazama, akaelewa. Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa kwa neno moja. "Basi usije. Niambie tu dalili. Ardhi iliyolalaje, mti gani, mchwa wa namna gani. Nitapasua mwamba kwa mikono yangu. Sema neno moja, kaka, niondoke."

Neno moja, kisha aondoke. Chande alimtazama Kinara. Nje foleni ilikuwa inanong'ona, na kila aliyekuwamo alikuwa anahesabu muda.

"Kisima ni nini?" alisema Chande. "Watu wengi hujiuliza swali hili."

Siwatu alikaa. Alisikiliza yote, faida za visima na bibi aliyependa maji, kwa tumaini kwamba mtu huyu, ambaye anajua kweli, ataificha nyama chini ya sufuria na yeye ataichota. Alisubiri hadi mwisho. Hapakuwa na kitu. Macho ya Chande yalikuwa mekundu. Alijua anachofanya, na hilo ndilo lililomuuma Siwatu kuliko mengine yote, kwa sababu Fakihi angalau alikuwa mjinga.

"Karibu tena," alisema Kinara mlangoni.

Karani wa lango alimpokea kwa bashasha. "Mama! Fundi wako sasa ana ruhusa. Yuko wapi?"

"Haji."

"Ah," alisema karani, akanyanyua kikombe chake. "Wa kwanza huwa hawaji."

Siwatu alitembea kuelekea kwao akiwa hana hata udongo, kwa kuwa kile kitambaa alikiacha mkekani. Hakufika. Njiani aliona vumbi, na ndani ya vumbi watu, na watu wale walikuwa Kiangazini yote: mikeka vichwani, kuku miguu juu, wagonjwa mgongoni. Mtama ulikuwa umekatwa. Mbele kabisa alikuwa mama yake, midomo imempasuka kwa kiu, lakini usoni ana furaha.

"Siwatu! Mwanangu! Tumekuja wenyewe. Tumesikia habari njia nzima. Kila msafiri anamtaja: Chande, Chande wa visima, wa kwanza katika nchi. Tukasema hakuna haja ya kukusubiri, twende wote tukamwombe atuchimbie. Ndiye uliyemwendea?"

"Ndiye," alisema Siwatu. "Rudini. Hachimbi."

Watu wakatazamana. Mzee Ngwali, mkuu wa kikao, akacheka kidogo kwa koo kavu. "Angekuwa hachimbi, angekuwaje wa kwanza?"

"Ni mimi niliyemfanya wa kwanza! Nilisimama njia panda nikinyoosha mkono. Hao wasafiri mliowasikia, ni mimi niliyewaambia."

Walimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyepigwa na jua. Mama yake akampapasa shavu. "Umechoka, mwanangu. Watu wote hao waseme uongo, useme kweli wewe peke yako?"

Nyuma yao Kiangazini hapakuwa na maji, na sasa hapakuwa na mtu. Siwatu alimpokea mama yake mkeka, akajitwika, akageuka nao.

Wakashika njia ya Kidoleni.

"Kwa huyo fundi," aliuliza mama yake, "kuna foleni?"

"Ipo, mama."

"Ndefu?"

"Ndefu sana."

"Basi ni fundi kweli," alisema Bi Mwanasha, akakaza mwendo.